Kupima Chuma Chakavu Kabla Hakijaingia Tanurini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wenye yadi za skrepa, wanunuzi wa viwanda vya nondo, mafundi wanaosubu sufuria, na vijana wanaozunguka mitaani na mikokoteni. Wengi huamini kwamba moto husafisha kila kitu. Sivyo. Kuna uchafu ambao ukishayeyuka pamoja na chuma hautoki tena, na mtu wa mwisho mwenye uwezo wa kuuzuia ni yule anayechambua mzigo pale chini, kwa macho, sumaku na mashine.

Chuma ni chuma. Kwa nini nijisumbue kujua kilichomo ndani yake?

Karibu kila kipande unachookota ni mchanganyiko. Nondo, springi ya gari, bloku la injini la zamani na sinki la jikoni vyote asili yake ni chuma, lakini kila kimoja kiliongezewa vitu vyake. Bloku la chuma cha kusubu lina kaboni kati ya asilimia 2 na 4, ndiyo maana ukilipiga nyundo linavunjika badala ya kupinda. Sinki la stenlesi lina kromi, na mara nyingi nikeli.

Hapo kwenye nikeli ndipo pesa ilipo. Stenlesi ya daraja la 304 ina nikeli isiyopungua asilimia 8. Ukiiuza kwa bei ya chuma cha kawaida, katika kila tani moja umemwachia mnunuzi kilo 80 za nikeli bila malipo. Yeye anajua. Wewe ndiye hujui, na biashara ya skrepa imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya tofauti hiyo ya kujua.

Sababu ya pili ni tanuri lenyewe, na hiyo inahitaji maelezo marefu kidogo.

Si tanuri litaunguza uchafu wote?

Litaunguza baadhi tu. Katika chuma kilichoyeyuka, oksijeni hukamata kwanza vitu inavyovipenda kuliko chuma: aluminiamu, silikoni, manganizi. Hivyo hugeuka slagi, huelea juu na kukwanguliwa. Zinki iliyopakwa kwenye mabati huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma kinahitaji karibu nyuzi 1,500 ili kiyeyuke, kwa hiyo yenyewe huondoka kama moshi mweupe. (Moshi huo usiuvute. Unaleta homa na baridi kali usiku ule ule.)

Kopa haiungui. Wala nikeli, wala stani ile inayopakwa kwenye makopo ya vyakula. Chuma kingeungua chote kabla ya hivyo kuguswa. Vikishaingia, vimeingia.

Madhara ya kopa yanaonekana kwenye mashine ya kuviringisha nondo. Kipande cha chuma hupashwa moto hadi nyuzi 1,100 na zaidi ili kilainike. Ngozi yake ya juu huungana na oksijeni na kutoka kama magamba. Kopa haiungani, inabaki nyuma na kujikusanya chini ya magamba hayo, na kwa kuwa yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, hapo tayari ni maji. Maji hayo hupenya katikati ya punje za chuma na kuzitenganisha. Roli za mashine zinapobana, chuma kinapasuka. Stani ikiwemo, mambo huwa mabaya zaidi.

Usumbufu huo huanza kuonekana kopa inapokaribia asilimia 0.2. Sasa chukua tani moja ya skrepa safi kabisa, tupia mota moja ya pampu yenye waya wa kopa wa kilo 2. Hesabu ni rahisi: kilo 2 katika kilo 1,000 ni asilimia 0.2. Mota moja tu. Kiwango cha Uingereza cha nondo, BS 4449, kinaruhusu kopa hadi asilimia 0.80, lakini hicho ni kikomo cha juu tu. Mwenye roli huanza kuona nyufa mapema kuliko hapo.

Viwanda vingi vya nondo katika ukanda wetu hutumia tanuri za induksheni, zinazoyeyusha kwa nguvu ya umeme. Tanuri hizo ni hodari kuyeyusha, ila zina uwezo mdogo wa kusafisha. Hata fosforasi na salfa huzishinda kwa kiasi kikubwa. Dawa ya kopa iliyozidi ni kuizimua kwa kuongeza chuma safi, mara nyingi chuma kipya kilichotoka kwenye mawe ya madini, na hicho mara nyingi huagizwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kijana anayekaa kivulini akitoa waya ndani ya mota anafanya kazi ya usafishaji ambayo tanuri haliwezi. Anastahili kulipwa kama mtu anayefanya kazi hiyo.

Nina sumaku tu. Inatosha?

Inatosha kuanzia, na hata yadi kubwa huanza nayo. Inayonata: chuma cha kawaida, chuma cha kusubu, na stenlesi za kundi la 400 kama 430. Isiyonata: kopa, brasi, aluminiamu, risasi, zinki, na stenlesi za makundi ya 200 na 300.

Kuna mitego miwili. Stenlesi ya 304 iliyopindwa au kukandamizwa sana kiwandani huanza kuvutwa kidogo na sumaku, hasa kwenye kona za sinki, kwa hiyo mvuto hafifu usikufanye uitupe kwenye rundo la chuma. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: stenlesi ya 201 nayo haivutwi, inang'aa vilevile, lakini nikeli yake ni asilimia 3.5 hadi 5.5 tu, na pengo lililobaki limejazwa manganizi. Sumaku haiwezi kutofautisha 201 na 304. Jicho pia haliwezi. Anayekuambia anazitambua kwa rangi, mwombe azitenganishe mbele ya mashine.

Cheche za grinda zinaonyesha nini?

Zinaonyesha mengi kwa gharama ndogo. Bana kipande, gusisha grinda kwa nguvu ile ile kila mara, simama mahali penye kivuli, tazama mkia wa cheche. Chuma chenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu ya rangi ya njano isiyopasuka sana. Kaboni ikiongezeka, kama kwenye springi au tupa, mistari hupasuka kuwa vinyota vingi. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi zenye wekundu uliofifia karibu na jiwe. Stenlesi hutoa chache, za rangi ya machungwa, zenye kupasuka kidogo. Titani hutoa cheche nyeupe kali hadi unafumba macho. Kopa na aluminiamu hazitoi kitu.

Weka vipande ambavyo tayari unavijua, kimoja kimoja cha kila aina, uvichome kando ya kile usichokijua. Kumbukumbu ya jana hudanganya. Usiguse magnesi, metali nyepesi kuliko aluminiamu, kwa grinda, kwa sababu unga wake unawaka.

Ninawezaje kutofautisha aluminiamu na zile metali nyepesi zinazofanana nayo bila mashine?

Tumia mzani wa kuning'iniza na ndoo ya maji. Pima kipande hewani, kisha kipime kikiwa kimezama chote bila kugusa ndoo. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Mfano: kipande kina kilo 1.35 hewani na kilo 0.85 majini. Tofauti ni 0.50. Gawanya 1.35 kwa 0.50, unapata 2.7, na hiyo ni aluminiamu.

Kipande kingine kinachofanana nacho sura, labda kitasa cha mlango au kabureta, kina kilo 2.64 hewani na 2.24 majini. Tofauti ni 0.40, jibu ni 6.6. Hiyo ni aloi (metali mchanganyiko) ya zinki, na ikiingia kwenye aluminiamu yako inaiharibu. Magnesi hutoa jibu la karibu 1.7 au 1.8, ukiwa bado na shaka, kwangua na dondoshea siki, magnesi itatoa mapovu. Kopa ni karibu 8.9, risasi 11.3.

Njia hii haifai kwa kitu chenye uwazi ndani kisichoingiza maji. Kwa kitu kigumu kilichojaa, mzani mzuri hukupa jibu la kuaminika kuliko maneno ya muuzaji.

Ile bunduki ya XRF, mashine ya mkononi ya kupimia metali, wanayokuja nayo wanunuzi inafanyaje kazi?

Ndani yake mna bomba dogo linalotoa eksirei. Eksirei hizo hugonga atomi za kipande na kung'oa elektroni za ndani. Elektroni ya nje hushuka kuziba pengo, na katika kushuka hutoa eksirei nyingine yenye nishati ambayo ni ya elementi hiyo peke yake. Chuma hutoa 6.40 kwa kipimo cha kilo-elektronivolti, nikeli 7.48, kopa 8.05, risasi 10.55. Mashine huhesabu ngapi zimerudi za kila aina, kisha hukokotoa asilimia.

Kwa stenlesi au brasi, sekunde 2 au 3 zinatosha kujua daraja. Kwa aluminiamu subiri zaidi, hata sekunde 20, kwa sababu magnesi na silikoni hutoa eksirei dhaifu ambazo hewa yenyewe huzimeza njiani. Mnunuzi anayepiga aluminiamu kwa sekunde moja na kukupa bei hajapima magnesi. Mwambie arudie.

Nikiona namba kwenye kioo, nizisomeje?

Tuseme kioo kinaonyesha kromi 18.2, nikeli 8.1, manganizi 1.6, kopa 0.4, molibdeni 0.2, chuma 71.5. Anza na kromi na nikeli: 18 na 8, hiyo ni 304. Kipande kingine kinatoa kromi 16.4, nikeli 4.1, manganizi 6.3. Nikeli imepungua nusu na manganizi imepanda. Hiyo ni 201, na bei yake inashuka. Kipande cha tatu kina kromi 16.8, nikeli 10.3 na molibdeni 2.1. Hiyo ni 316, inayotumika kwenye meli, viwanda vya maziwa na vya dawa, na kuiuza kwa bei ya 304 ni kujinyima.

Pembeni ya kila namba pana namba nyingine yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ile ni kiasi cha shaka. Ikiandikwa molibdeni 0.03 na shaka 0.02, usijenge hoja juu yake. Na jina la daraja linalotokea juu ya kioo ni pendekezo la programu, limetafutwa kwenye orodha iliyomo ndani ya mashine. Linaweza kukosea. Asilimia ndizo za kubishania.

Mbona mashine inanipa majibu ya ajabu?

Mara nyingi mashine iko sawa; ni wewe uliyeipimisha rangi. Eksirei hizi huona ngozi ya metali tu, sehemu ndogo ya milimita. Ukipiga juu ya rangi nyeupe, utasoma titani, kwa sababu unga wa rangi nyeupe umetengenezwa kwa oksaidi ya titani. Ukipiga bati, utasoma zinki nyingi. Ukipiga koki ya maji inayong'aa, utasoma kromi na nikeli kana kwamba umeokota stenlesi, kumbe ndani ni brasi au aloi ya zinki iliyopakwa.

Kwa hiyo kila kipande chenye shaka kikwangue kwa tupa au grinda hadi metali ya ndani ionekane, kisha upige. Badilisha jiwe la grinda unapohama kutoka metali moja kwenda nyingine. Jiwe lililosaga brasi huacha brasi kwenye aluminiamu. Asubuhi, kabla ya kazi, pima kwanza kipande cha kumbukumbu kinachokuja na mashine, kile chenye cheti. Kikitoa namba zisizo zake, usinunue wala usiuze kwa mashine hiyo siku hiyo.

Je, inaonyesha kaboni?

Haionyeshi, na hapa wengi hupotea. Kaboni ni nyepesi mno kwa XRF ya mkononi. Berili na lithi nazo haizioni. Ukitaka kutofautisha nondo laini na chuma cha springi kwa mashine hiyo, huwezi, labda kwa kuangalia silikoni, manganizi na kromi iliyoambatana.

Kaboni inahitaji njia nyingine. Ipo mashine ya mkononi ya leza inayochoma doa dogo na kusoma rangi za mwanga wake. Ikipewa gesi ya agoni inaweza kusoma kaboni. Jicho lilindwe, leza hiyo inapofusha. Ipo pia ile kubwa ya mezani inayopiga cheche ya umeme kwenye uso uliosagwa bapa, ndani ya agoni safi. Hiyo ndiyo kipimo cha viwanda vya kuyeyusha: mfanyakazi huchota chuma cha maji, hukigandisha kwenye kikalibu, hukisaga uso, hukipiga cheche sehemu tatu au nne, na baada ya dakika chache mpishi wa tanuri anajua kaboni, salfa, fosforasi na kopa kabla ya kumwaga. Kama kopa imezidi, bado ana nafasi ya kuongeza chuma safi. Akishamwaga, nafasi imekwisha.

BS 4449 inataka kaboni ya nondo isizidi asilimia 0.22, salfa na fosforasi zisizidi 0.05 kila moja. Nondo yenye kaboni nyingi inaweza kuonekana ngumu na nzuri, kisha ikapasuka inapopindwa au inapochomelewa. Hilo ni suala la ghorofa ambamo watu wanalala.

Nina lori zima la mchanganyiko. Nipime vipande vingapi?

Hakuna namba moja ya kutaja hapa, ila kuna kanuni: usipime unachokiona juu tu. Anayepakia lori anajua vizuri kitu gani cha kuweka juu. Mwaga mzigo chini, ugawe mafungu manne, changanya mafungu mawili yanayotazamana, gawa tena, na uchague vipande kutoka ndani kabisa. Kadiri mzigo unavyochanganyika zaidi ndivyo unavyohitaji vipande vingi.

Kwa chembechembe za mashine za kukerezea na makopo yaliyobanwa, XRF peke yake inakupotosha, kwa kuwa haioni mafuta, maji wala mchanga. Yeyusha sampuli. Ukiweka kilo 10 na kutoa kilo 8.6 za metali, unajua kwamba asilimia 14 ya pesa yako ilikuwa inakwenda kwenye uchafu. Kipande ulichopata ndicho upime. Hicho ni wastani wa kweli wa mzigo.

Katalisti za magari, vile vigae vya ndani ya ekzosi vyenye platini, paladi na rodi, zina sheria yake: lazima zisagwe unga na kuchanganywa sawasawa kwanza. Kupiga bunduki juu ya kigae kizima na kutaja bei ni kubahatisha, na hasara huwa ya muuzaji.

Aluminiamu nayo ina madaraja?

Mengi, na yana thamani tofauti sana. Fremu za madirisha ni aloi laini yenye magnesi na silikoni chini ya asilimia 1 kila moja. Kopo la soda ni aloi mbili: mwili una manganizi na magnesi karibu asilimia 1, kifuniko kina magnesi asilimia 4 hadi 5. Vichwa vya injini na maboksi ya gia vina silikoni nyingi, mara nyingi asilimia 7 hadi 10, pamoja na kopa. Pistoni zina silikoni karibu 12, na nikeli.

Fremu zinaweza kuwa karibu kitu chochote baadaye. Gia boksi haiwezi kurudi kuwa fremu. Ukiziyeyusha pamoja umezishusha zote hadi daraja la chini. Adui mkubwa wa aluminiamu ni chuma. Skrubu na boliti zikiachwa ndani ya tanuri huyeyuka polepole ndani ya aluminiamu ingawa moto haujafika kiwango cha kuyeyusha chuma, na hakuna njia ya bei nafuu ya kukitoa. Aluminiamu hiyo inakuwa na vijisindano vya ndani vinavyoifanya ivunjike. Ng'oa kila skrubu. Kuyeyusha aluminiamu chakavu kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini, kwa hiyo kila kilo iliyochambuliwa vizuri ina faida ya kweli.

Sufuria za kusubu ni salama?

Inategemea kabisa kilichoingia kwenye kalibu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Karibu theluthi moja vilitoa risasi kwa kiwango cha kuhofia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwenye ubongo.

Risasi haimo katika aluminiamu safi. Inaingia na uchafu. Angalia rimu ya gari: pembeni yake kuna vile vipande vidogo vya kubalansi tairi, na vingi ni vya risasi. Fundi akitupa rimu tanurini bila kuving'oa, ameweka risasi ndani ya sufuria ya mama ntilie. Rejeta za zamani zimeunganishwa kwa lehemu ya risasi. Vipande vya brasi vilivyosahaulika ndani ya kabureta vina risasi. Sehemu za injini zenyewe zinaweza kuwa nayo kidogo.

Mafundi wa Gerezani (Dar es Salaam), Kamukunji (Nairobi) na kwingineko, ombi letu kwenu ni hili: kwa sufuria tumieni fremu za madirisha, nyaya za umeme za aluminiamu na sufuria kuukuu zilizopimwa, bila rangi. Injini, rimu na rejeta zipelekeni kwenye bidhaa ambazo hazigusi chakula. Risasi XRF inaiona vizuri, hata ikiwa ndogo, kwa sekunde chache. Kundi la mafundi wakichangishana na kumlipa mwenye mashine aje mara moja kwa juma kupima kila kalibu lililomwagwa, gharama kwa sufuria moja inakuwa ndogo sana, na wanaweza kuiandika kwa fahari kwenye bidhaa.

Kopa na brasi je?

Kopa ya waya wa umeme ni safi kuliko zote. Mabomba ya friji na viyoyozi yana fosforasi kidogo, ambayo haionekani kwa macho lakini inapunguza upitishaji wa umeme, kwa hiyo wenye viwanda vya waya huyatenga. Tenga wewe kwanza.

Jihadhari na waya wa aluminiamu uliovikwa kopa. Nje ni nyekundu kabisa. Kata kwa koleo na utazame kichwa cha waya: katikati ni kweupe. Ukibeba rundo lake mkononi, wepesi wake unakushtua. XRF nayo hudanganyika hapa kwa sababu inaona ngozi tu, kwa hiyo piga kwenye sehemu iliyokatwa.

Brasi inayokerezwa kirahisi, ile ya koki na viungo vya mabomba, huwa na risasi karibu asilimia 3. Haifai kabisa kwa kitu cha kupikia au cha kunywea. Usichome nyaya ili kuondoa plastiki. Moshi wake una sumu, na kopa iliyoungua inanunuliwa kwa bei ya chini.

Betri za magari ninaweza kuzivunja mwenyewe?

Hapana. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia risasi wakazi wa kijiji kizima, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale na ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano hayo na akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Pesa hairudishi akili ya mtoto. Betri iuze nzima, ikiwa na asidi yake ndani, kwa mwenye kibali.

Vipi kuhusu vitu vyenye mionzi?

Ni nadra, lakini vikitokea vinaua. Septemba 1987, huko Goiânia nchini Brazili, watu wawili walichukua kifaa cha tiba kutoka kwenye kliniki iliyotelekezwa na kukiuza kwenye yadi ya skrepa. Ndani mlikuwa na sesi-137, unga uliong'aa rangi ya buluu gizani, na watu waligawana kama kitu cha ajabu. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi.

Bunduki ya XRF haikusaidii hapa. Kinachohitajika ni kifaa cha kugundua mionzi. Ukikuta chombo kidogo kizito kupita kiasi, chenye ganda la risasi au alama ya mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano, usikifungue, usikikate. Ondoa watu, kaa mbali, zuia njia, piga simu. Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, Uganda ni Baraza la Nishati ya Atomiki.

Taasisi hizo hizo ndizo zinazotoa leseni ya kumiliki XRF, kwa kuwa nayo inatoa eksirei. Ikizimwa haina mionzi yoyote. Ikiwashwa, usishike kipande kwa mkono mbele ya mdomo wake, na usiielekeze kwa mtu hata kwa mzaha.

Ninahitaji kibali gani kufanya biashara hii?

Tanzania, kukusanya, kusafirisha na kuuza nje chuma chakavu kunahitaji kibali kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kenya ina Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikairuhusu tena Mei mwaka huo huo. Reli, vifuniko vya mashimo barabarani na nyaya za transfoma usiviguse, hata vikiletwa na mtu unayemwamini. Andika jina na namba ya kitambulisho cha kila anayekuuzia.

Ninunue mashine, au nipeleke sampuli maabara?

Bunduki mpya ya XRF huzidi dola 10,000 za Marekani, mara nyingi kwa mbali. Yadi inayopitisha stenlesi na kopa nyingi kila siku itairudisha pesa hiyo. Yadi inayopitisha chuma cha kawaida haihitaji. Sumaku, grinda, ndoo na mzani vinatosha, na vile vipande vichache vya shaka upeleke maabara. Kununua iliyotumika si vibaya, ila idai cheti cha kipimo, ipimie vipande unavyovijua mbele ya muuzaji, na uulize umri wa bomba la eksirei, kwa sababu kulibadilisha ni ghali.

Kwa maabara, Tanzania anza na TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya na KIRDI (taasisi ya utafiti wa viwanda). Peleka kipande kilichokwanguliwa pande mbili, chenye uso bapa wa sentimita 3 hivi, kwenye mfuko wenye namba. Sema wazi unataka elementi zipi. Ukitaka kaboni, iandike. Wasipoombwa watakupimia kwa XRF na utarudi nyumbani bila namba uliyoifuata. Kwa sufuria andika risasi, kadmi na aseniki. Nusu ya kipande baki nayo, yenye namba ile ile, ili majibu yakibishaniwa mpime tena kutoka kitu kimoja.